Mbabe aanze na pungufu

Katika kila kijiwe cha drafti mjini hapa yuko bingwa mmoja ambaye hana mtu wa kucheza naye. Si kwamba watu hawapo. Wapo, wamekaa juu ya makreti ya soda wakimtazama. Lakini kila mmoja wao anajua kwamba akiketi mbele ya bwana yule atamalizwa kabla chai haijapoa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayependa kuchekwa bure mbele za watu. Basi bingwa anabaki kubembeleza: "Njoo bwana, nakuachia kete mbili." Hapo mambo hubadilika. Mtu anavuta kiti, na watazamaji wanasogea, kwa sababu sasa hakuna ajuaye nani atashinda.

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayenifuata gazetini, kete hizo mbili ndizo mazungumzo yangu ya juma hili. Ila nitakuomba twende mbali kidogo, hadi London ya karne ya 19, kwa watu waliolifanya jambo hili la kijiweni kuwa taratibu yenye kanuni, kamati, ada na zawadi, wakaliendesha mwaka hata mwaka. Mchezo wao haukuwa drafti, ulikuwa sataranji.

Kwa asiyeujua mchezo huo, niseme machache. Ubao ni uleule wa miraba 64. Kila upande una kete 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na askari wanane waliotangulia mbele kama kawaida ya askari. Kila kete ina mwendo wake. Mfalme akibanwa asiwe na pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Jina lenyewe sataranji limetufikia kutoka Kiarabu, Waarabu walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi. Waingereza wao walipokea mchezo uleule kwa njia ya Ulaya, wakaupa jina lao la chess.

Sasa, mwaka 1852 ilianzishwa klabu iliyoitwa City of London Chess Club. Neno City hapo halimaanishi jiji zima la London. Ni lile eneo dogo la katikati lenye mabenki, makampuni ya bima, mawakala wa meli na soko la hisa. Ilikuwapo klabu ya zamani zaidi, London Chess Club, iliyoanza mwaka 1807, na mabwana wakubwa walikuwa na yao upande wa magharibi iliyoitwa St George's. Klabu ya City ilikuwa mahali pa watu wa kazi za kalamu: makarani, wafanyabiashara, mawakili wadogo, watu waliofunga vitabu vya hesabu jioni na kutafuta mahali pa kupumzisha kichwa kwa kukichosha upya. Walikutana katika vyumba vya mikahawa na hoteli, wakihama kutoka nyumba moja hadi nyingine kadiri miaka ilivyokwenda. Baadaye ikawa moja ya klabu kubwa kabisa za Uingereza. Kati ya mwaka 1872 na 1874 ilicheza na jiji la Vienna kwa kupelekeana hatua kutoka mbali, michezo miwili, kwa dau la paundi 100 kila upande. London ikashinda mmoja na wa pili ukawa sare. Hebu fikiria: miaka miwili kwa michezo miwili!

Lakini fahari hizo zilikuja mara moja moja. Kilichoiendesha klabu mwaka hadi mwaka ni mashindano ya majira ya baridi. Mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtu akitoka ofisini kumekwisha kuwa giza, kuna baridi na ukungu, na nyumbani ni mbali. Mkahawa wenye moto na taa za gesi ulikuwa kimbilio. Wanachama walijiandikisha, wakapangwa katika makundi, wakacheza jioni baada ya jioni hadi majira yalipoanza kupata joto, na waliofanya vizuri wakakutana mwishoni.

Tatizo lilikuwa lilelile la kijiweni. Katika klabu yenye makumi ya wanachama, wenye kuujua mchezo hasa ni wachache. Kama kila mtu angeanza sawa na mwenzake, jina la mshindi lingejulikana siku ya kujiandikisha, na karani wa benki angetoa ada yake ya nini? Kwa hiyo walifanya mashindano ya kuachiana. Waingereza waliyaita ya hendikapu, neno ambalo wacheza gofu wetu wanalitumia hadi leo.

Taratibu yenyewe ilikuwa hivi. Kamati iliwagawa wanachama katika madaraja. Wa daraja la kwanza walipokutana wao kwa wao walicheza sawa kwa sawa. Wa daraja la kwanza alipokutana na wa pili, mkubwa aliondoa askari wake mmoja kabla ya kuanza, na mdogo akapewa haki ya kuanza yeye. Askari huyo hakuwa yeyote tu. Alikuwa yule aliyesimama upande wa mfalme mbele ya askofu, ambaye mraba wake, mchezo unapoanza, hulindwa na mfalme peke yake. Kumwondoa ni sawa na kuacha dirisha la chumba cha kulala wazi. Akikutana na wa daraja la tatu aliondoa askari huyohuyo, kisha mdogo akaruhusiwa hatua mbili mfululizo mwanzoni. Wa daraja la nne aliachiwa farasi mzima, wa chini zaidi akaachiwa ngome. Na mtu aliyejifunza mchezo juzi tu aliweza, nje ya mashindano, kuachiwa hata malkia, kete yenye nguvu kuliko zote.

Msidhani kwamba Waingereza ndio waliobuni jambo hili. Huko Baghdad, katika enzi ya makhalifa wa Bani Abbas, mabingwa wa sataranji kama al-Adli katika karne ya 9 na as-Suli katika karne ya 10 waliandika vitabu juu ya mchezo huo, na katika elimu yao wachezaji walipangwa katika madaraja matano, na ilijulikana nani amwachie nani kete gani. Watu wa London walichofanya ni kuliingiza jambo hili katika ratiba ya klabu, na kulibandika ukutani pamoja na jina la kila mtu na daraja lake.

Hapo ndipo utamu na uchungu ulipokuwa. Hebu jiweke mahali pa mtu aliyeingia klabuni miaka mitano iliyopita, anayejiona amepanda kiwango, kisha anakuta jina lake limeandikwa daraja la nne, la kuachiwa farasi. Ni nafuu, ndiyo. Lakini pia ni tangazo. Kila rafiki yake ameliona. Na yuko mwingine mwenye hesabu tofauti kabisa, anayetaka aandikwe chini ya uwezo wake ili apewe farasi asiyemstahili, abebe zawadi. Watu wa gofu wanawajua hao. Kamati ilipaswa kuwatazama wote wawili usoni na kuamua. Mimi nimeona kamati za michezo zikivunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Je, kuachiana huku kulileta usawa kweli? Uko mfano mmoja ambao siachi kuushangaa. Mwaka 1846 Howard Staunton, Mwingereza aliyehesabiwa wakati ule kuwa mchezaji hodari kupita wote, alicheza michezo 21 na Daniel Harrwitz. Waliigawa mafungu matatu ya michezo saba saba. Saba walicheza sawa kwa sawa: Staunton akashinda yote saba. Saba Staunton alianza bila askari mmoja, na Harrwitz akaanza yeye: Staunton akapoteza sita, akashinda mmoja. Kufikia hapo ungesema askari yule mmoja ndiye aliyekuwa tofauti yote kati ya watu hawa wawili. Lakini yako yale saba ya mwisho, ambayo Staunton aliondoa askari na kumpa Harrwitz hatua mbili badala ya moja, yaani alimwachia zaidi. Huko akashinda minne na kupoteza mitatu!

Wapenda hesabu watatafuta maelezo. Mimi nadhani hakuna hesabu hapo, kuna binadamu. Mtu anayepewa kidogo huwa macho. Anayepewa kingi huja mezani ameshashinda kichwani mwake, na hapo ndipo anaponaswa.

Tena kuachiana kulibadili namna ya kucheza. Tuseme mimi nina kete kumi, wewe tisa. Ukikubali tubadilishane moja kwa moja, unakula yangu nami nakula yako, mwisho mimi nitabaki na mbili na wewe moja, na mbili kwa moja ni mauaji. Kwa hiyo mdogo aliyeachiwa alifundishwa jambo moja: badilisha, badilisha, punguza kete ubaoni hadi ziada yako ionekane. Mkubwa naye alikimbia mabadilishano kama deni. Ilimbidi avuruge maji. Alitoa kete nyingine sadaka, juu ya ile aliyokwisha kuiacha, ili apate njia ya kumfikia mfalme kabla mwenzake hajatulia. Ndiyo maana michezo mingi ya karne ile iliyohifadhiwa vitabuni inasisimua mno kuitazama: mtu ana nusu ya jeshi na bado anashinda. Wengi wanaosifu ushujaa huo husahau kwamba mara nyingi mshujaa hakuwa na njia nyingine, na aliyekuwa mbele yake alikuwa karani aliyechoka.

Uchovu huo unanikumbusha saa. Zamani mchezo haukuwa na kikomo cha muda. Katika mashindano ya kwanza ya kimataifa yaliyofanyika London mwaka 1851, yale aliyoshinda Mjerumani Adolf Anderssen, Staunton alilalamika vikali kwamba Elijah Williams, aliyemshinda na kuchukua nafasi ya tatu, alikaa muda mrefu mno juu ya kila hatua. Miaka kumi baadaye walianza kutumia vioo vya mchanga. Ilipofika mwaka 1883, katika mashindano mengine makubwa ya London, zilitumika saa mbili zilizoungwa pamoja, moja ikienda nyingine inasimama, kifaa kilichobuniwa na Thomas Bright Wilson wa klabu ya Manchester. Kwa mabingwa ilikuwa haki. Kwa mtu wa kazi, anayetakiwa kuwa ofisini asubuhi, ilikuwa ukombozi.

Mpaka hapa nimesema juu ya waliopokea. Sasa niseme juu ya waliotoa, kwa sababu hapa ndipo hadithi hii inaponigusa.

Wengi wa waliokuwa katika ngazi ya juu kabisa hawakuwa makarani wala wafanyabiashara. Walikuwa watu ambao sataranji ndiyo ilikuwa kazi yao, na wengi walikuwa wageni kutoka bara la Ulaya. Mchana ungewakuta katika ukumbi wa Simpson's, katika mtaa wa Strand, wakisubiri mteja. Mteja aliketi, akaachiwa askari au farasi au ngome kadiri ya uwezo wake, wakacheza kwa dau la shilingi moja. Shilingi ileile, kwa jina, iliyokuja kuwa fedha yetu Afrika ya Mashariki mwaka 1921. Paundi moja ilikuwa shilingi 20.

Tafakari kazi hiyo, ndugu msikilizaji. Ukimwachia mteja kidogo, atashindwa kila siku na kesho hatarudi. Ukimwachia kingi, shilingi inaondoka na yeye. Inabidi umpime kila mtu kama muuza duka anavyopima sukari, ushinde, ila usishinde sana. Na wakati huohuo wewe ni mmoja wa watu wachache duniani wanaoujua mchezo huu hadi mizizi. Daktari bingwa hatoi ushauri kwa kumwacha mgonjwa abahatishe kwanza.

Mmoja wao alikuwa Wilhelm Steinitz, aliyezaliwa Prague mwaka 1836. Alikuja London mwaka 1862 kushiriki mashindano, akapata nafasi ya sita, akabaki miaka ishirini. Yeye na William Norwood Potter ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi katika ule mchezo wa City na Vienna niliotaja. Mwaka 1866 alimshinda Anderssen michezo minane kwa sita. Mwingine alikuwa Johannes Zukertort, mzaliwa wa Lublin mwaka 1842, mwanafunzi wa Anderssen, aliyefika London mwaka 1872. Zukertort alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Mwaka 1876 alicheza na watu 16 kwa pamoja bila kuutazama ubao hata mmoja, akiambiwa hatua kwa mdomo na kujibu kwa mdomo. Alikuwa pia na tabia ya kujisifia mambo mengi ambayo wanahistoria hawakuyaamini yote, lakini hilo la michezo 16 ni kweli tupu.

Watu hawa wawili hawakupendana. Katika yale mashindano ya mwaka 1883 Zukertort aliwaacha wote nyuma. Alishinda 22 kati ya michezo yake 23 ya mwanzo, akiwa ameshajihakikishia ushindi, kisha akapoteza yote mitatu ya mwisho, mithili ya taa iliyokwisha mafuta. Steinitz alikuwa wa pili, pointi tatu nyuma. Mwaka uleule Steinitz alihamia Marekani, na mwaka 1886 wakakutana huko, New York, St. Louis na New Orleans, katika pambano linalohesabiwa kuwa la kwanza la ubingwa wa dunia. Hapo hakuna aliyemwachia mwenzake kitu. Steinitz akashinda kumi, Zukertort tano, sare tano.

Zukertort alirudi London akiwa si yule tena. Afya ilikuwa imevunjika. Alirudi alikojua, kwenye meza za Simpson's. Mwezi Juni mwaka 1888 alikuwa akishiriki mashindano ya hapohapo, naye ndiye aliyekuwa akiongoza. Yalikuwa yamalizike tarehe 23. Tarehe 19 alicheza mchezo, akaugua ghafla, akapelekwa hospitali, na tarehe 20 akafariki kwa kuvuja damu katika ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 45. Alizikwa katika makaburi ya Brompton, na kaburi lake likasahauliwa hadi mwaka 2012, wapenzi wa sataranji walipolitengeneza upya.

Steinitz aliishi zaidi, akawa bingwa wa dunia hadi mwaka 1894 alipong'olewa na kijana Emanuel Lasker. Alifariki New York mwezi Agosti mwaka 1900, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, maskini.

Nikitazama orodha ya waliotoa, naona kwamba usawa wa jioni zile katika klabu za London ulikuwa na gharama, na gharama hiyo haikuwa askari wala farasi aliyeondolewa ubaoni. Karani alipata jioni ya heshima, akamtetemesha bingwa wa dunia kwa shilingi moja, akaenda nyumbani kuwasimulia watoto. Bingwa alibaki palepale mezani, akipanga upya kete kwa ajili ya mteja mwingine.

Na Steinitz huyohuyo, aliyekula kwa kuachia watu kete, ndiye kwa maoni yangu aliyeuchimbia kaburi mtindo huo. Kuanzia mashindano ya Vienna ya mwaka 1873 alianza kucheza kwa namna mpya, na baadaye akaieleza katika jarida lake na katika kitabu chake cha mwaka 1889. Kiini chake ni kwamba mchezo hauvunjwi kwa ghadhabu. Kusanya faida ndogo ndogo, askari mmoja hapa, mraba mmoja pale, zilinde, na mwisho zitajumlika kuwa ushindi. Wenzake walimcheka, kisha wakamfuata. Lakini ukishaufundisha ulimwengu mzima kwamba askari mmoja ni mali, utampata wapi tena mtu wa kumwachia askari na bado umshinde? Wachezaji wa daraja la pili walisoma vitabu, wakajua kubadilishana, wakajua kulinda ziada. Pengo kati ya mwenye kujua na asiyejua lilibaki, ila halikuweza kuzibwa tena kwa kete moja. Tena vitabu vyenyewe viliandikwa kwa mchezo wa kete kamili. Aliyetaka kujifunza hakuona faida ya kukesha akichambua mchezo ulioanza na jeshi lenye upungufu.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, ya heshima. Watu hufika mahali wakachoka kupewa. Nitataja mwanamke mmoja, Mary Rudge. Mwaka 1872 klabu ya mji wa Bristol ilimpokea kuwa mwanachama, mwanamke wa kwanza kupokewa huko, katika zama ambazo klabu za Uingereza zilikuwa za wanaume. Nadhani mtindo wa madaraja ulisaidia kufungua milango ya namna hiyo, maana katika klabu ambayo kila mtu ana daraja lake, mgeni yeyote anaweza kupewa mahali pa kukaa. Lakini mlango uliofunguliwa hivyo unakuacha ukiwa mgeni wa kudumu. Mwaka 1895 wanawake wa London walianzisha klabu yao wenyewe, na mwaka 1897 wakaitisha mashindano ya kwanza ya kimataifa ya wanawake. Walikuja 20. Wote walianza na kete 16 kila mmoja, hakuna wa kuachia wala wa kuachiwa. Mary Rudge, ambaye wakati huo alikwisha kupita miaka 50, alicheza michezo 19, akashinda 18, akatoa sare mmoja, akabeba zawadi ya paundi 60. Hakuwa mtu wa mali. Alimaliza maisha yake mwaka 1919 katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiopona, London.

Klabu ya City nayo iligeuka na wakati. Palipokuwa na mashindano ya kuachiana, uzito ulihamia kwenye ubingwa wa klabu, hodari kwa hodari, sawa kwa sawa. Bwana mmoja, Sir George Thomas, alikuja kuuchukua ubingwa huo mara 16. Unaona? Ndilo jambo lilelile ambalo wazee wa zamani walilikimbia, kwamba mshindi ajulikane kabla ya kuanza, ila sasa waliona si aibu bali ndiyo michezo yenyewe. Klabu ilifungwa mwaka 1939, vita vilipoanza.

Madaraja hayakufa. Yaligeuzwa kuwa namba. Mwaka 1970 shirikisho la sataranji la dunia lilianza kutumia hesabu ya Arpad Elo, inayompa kila mchezaji alama zake, zikipanda na kushuka kwa kila mchezo. Kamati ya watu haihitajiki tena kukuambia wewe ni wa daraja la nne. Siku hizi simu yako itakuambia.

Na kuachiana kwenyewe kumerudi kwa mlango ambao makarani wa City wasingeuota. Mashine za sataranji zimekuwa na nguvu mno hata bingwa wa dunia hawezi kuketi nazo sawa kwa sawa. Mwaka 2007 programu iliyoitwa Rybka ilicheza michezo minane na Jaan Ehlvest wa Estonia, mtu mwenye cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, na katika kila mchezo mashine ilianza bila askari mmoja. Mashine ikapata pointi tano na nusu, binadamu mbili na nusu. Tangu hapo programu zimezidi kuwa hodari, na sasa kuna zinazowaachia mabingwa wa namna hiyo farasi mzima, na bado mara nyingi zikashinda. Mashine haihitaji shilingi ya mteja, wala haichoki, na tarehe 19 Juni kwake ni siku kama siku nyingine.